Mashine ya Plastiki ya Tani 160: Inabana Vizuri, Lakini Si kwa Kila Moldi

Karakana yetu iliyoko Mukono hutengeneza vifuniko vya ndoo vya polipropilini vyenye kipenyo cha sentimita 20, na tangu mwanzoni mwa mwaka tumekuwa tukitumia mashine ya mtumba ya kudunga plastiki yenye nguvu ya kubana ya tani 160, iliyotoka China na kuuzwa na duka moja la mitambo mjini Kampala. Tathmini hii inahusu hasa sehemu yake ya kubana moldi, yaani kalibu ya chuma yenye nusu mbili ambamo plastiki iliyoyeyuka hupata umbo. Sehemu ya kuyeyusha plastiki inafanya kazi yake na haina la kusimulia.

Mashine ina mabamba matatu mazito yaliyounganishwa na nguzo nne za chuma zilizolala. Bamba la mbele halisogei, nalo hubeba nusu ya moldi inayopokea plastiki. La kati husogea na hubeba nusu ya pili. La nyuma limeshikilia silinda ya haidroliki na mikono inayokunjika na kunyooka mithili ya goti. Silinda yenyewe ni ndogo, lakini kadiri mikono inavyokaribia kunyooka ndivyo nguvu yake inavyozidishwa, na ikishanyooka kabisa moldi hubaki imefungwa bila pampu kuendelea kusukuma. Wakati huo nguzo zote nne huwa zimevutika kwa takriban nusu milimita, na ni kule kutaka kwao kurudi katika urefu wao wa kawaida kunakoibana moldi. Kwa karakana inayolipia umeme wake kwa shida, jambo hilo ni faida kubwa: pampu hupumzika wakati kifuniko kinapoa, na umeme ukikatika moldi haiachii.

Mfumo huu hata hivyo unadai uangalizi ambao muuzaji hakuutaja. Kwa kuwa nguvu inatokana na mvutiko mdogo kiasi hicho, unene wa moldi ukibadilika kidogo nguvu nayo hubadilika. Moldi ya chuma yenye unene wa sentimita 30 ikipata joto la nyuzi 40 zaidi hutanuka kwa karibu milimita 0.14, yaani zaidi ya robo ya ule mvutiko wote. Ukiirekebisha asubuhi ikiwa baridi, ukaiacha hivyo hadi mchana, nguzo zitaelemewa, matundu ya kutolea hewa yataziba, na vifuniko vitaanza kutoka na alama za kuungua. Nati za bamba la nyuma zirekebishwe tena moldi ikishashika joto lake la kazi. Mashine zinazobana kwa silinda kubwa moja kwa moja hazina usumbufu huu, kwani nguvu yake husomwa kwenye geji ya oili, ingawa hula umeme zaidi.

Malalamiko yangu makubwa ni juu ya maelezo ya dukani. Tuliambiwa kwamba mashine itamudu moldi ya vifuniko viwili kwa pamoja, na kweli moldi hiyo inapita vizuri kati ya nguzo. Lakini kifuniko kimoja kina eneo la sentimita za mraba 314. Plastiki ikiingia kwa shinikizo la kilo 300 kwa kila sentimita ya mraba, inaisukuma moldi ifunguke kwa tani 94. Vifuniko viwili vinahitaji tani 188, na hapo hatujaweka akiba yoyote. Matokeo yake moldi ilifunguka kidogo na plastiki ikavuja pembeni. Tulipopunguza shinikizo, vifuniko vikatoka pungufu. Kwa kifuniko kimoja, mashine hiyohiyo inatoa kingo safi kabisa.

Kinga ya moldi nayo inastahili sifa. Bamba la kati hukaribia mwisho wa mwendo wake kwa nguvu ndogo, na kifuniko kikikwama ndani, mashine husimama na kufunguka kabla mikono haijanyooka.

Anayetaka mashine ya mtumba ya aina hii aombe iwashwe mbele yake, kisha aangalie bushi na pini za mikono. Zikilika upande mmoja, nguzo moja hubeba mzigo mkubwa kuliko wenzake na mwishowe hukatika. Bushi zetu mbili zilikuwa zimelegea, zikachongwa upya Katwe, mtaa wa Kampala, kwa bei ya kuridhisha. Nguzo isingepatikana kwa urahisi huo.