Stoo inayojihesabu: miezi 6 nikiitumia
Mimi ni mtunza stoo wa vifaa vya upasuaji, na mfumo huu wa roboti na vitambuzi umeniondolea zile hesabu za usiku. Kila pakiti ina lebo ya redio, yaani lebo ndogo inayosomwa kwa mawimbi ya redio. Ukiitoa kabatini, idadi inapungua papo hapo. Glovu hupimwa kwa uzito wa rafu. Ninachokipenda zaidi ni tarehe: roboti hutoa kwanza katheta (mrija mwembamba wa kuingizwa mwilini) inayokaribia kuisha muda, hata ikiwa imejificha nyuma kabisa.

Kasoro ipo. Maji na chuma husumbua mawimbi ya redio. Siku moja skrini ilisema dripu zimebaki 4, nami naziona 12 kwa macho yangu. Hizo bado nazihesabu kwa mkono, kila asubuhi.