Nesi wa kuja nyumbani kwa mzee aliyepata kiharusi: tumetumia miezi saba, haya ndo yaliyotukuta

Tangu niseme tumempatia bi mkubwa mtu wa kumwangalia nyumbani mmekuwa mnaniuliza huduma yenyewe ikoje, nikawa najibu mmoja mmoja mpaka nikachoka, sasa naandika mara moja yaishe. Jina la kampuni siweki hapa maana kuna hela bado tunadaiana, anayelitaka aje inboksi. Ni hapa hapa Dar, ofisi yao iko ghorofani, chumba kimoja na nusu, kalenda ukutani na picha ya nesi mzungu anacheka na kibibi cha kizungu.

Kwanza mjue tulikotoka. Bi mkubwa ana miaka 76, presha anayo tangu enzi za Mkapa, sukari ikaja baadaye. Mwezi wa pili asubuhi anafagia uwanja, fagio likamponyoka, akainama akaliokota, likaponyoka tena, kumwangalia usoni mdomo umeenda upande. Sasa hapo badala ya kukimbia hospitali tukaanza kikao, huyu anasema ni upepo mbaya, huyu anasema aitwe shehe amsomee, mara apakwe mafuta, jua likatuzamia. Tulivyofika hospitali ndo tunaambiwa kwamba kwa kiharusi cha damu kuganda ipo sindano ya kuyeyusha lakini mwisho wake masaa manne na nusu tangu dalili zianze. Sisi tulikuwa tumekaa kikao masaa tisa. Sitaki kuliongelea sana hili.

Akalazwa siku 16, akatoka na upande wote wa kulia umelegea na maneno hayatoki. Kwenye dirisha la wazee nisiwe muongo, tulipita vizuri, hii habari ya miaka 60 na kuendelea ipo kwenye sera ya wazee ya 2003 na siku ile niliiona inafanya kazi. Sema dirisha linaishia getini. Ukishampakia mzee kwenye bajaji ni wewe na ukoo wako, na karatasi imeandikwa "mazoezi ya viungo", basi. Mazoezi gani, mara ngapi, ukimgeuza unashika wapi, hamna.

Ukoo wenyewe ndo huu: kaka yuko Mwanza anatuma ushauri, mdogo wetu wa mwisho yuko Muscat anatuma hela, mi niko Tabata natuma mgongo. Wiki ya pili tu mgongo ukagoma. Dada wa kazi naye akasema kufua na kupika sawa ila kumuogesha mtu mzima hakukubaliana na mimi, na kweli hakukubaliana. Ndo tukatafuta hawa.

Bei yao: laki nane na nusu kwa mwezi, mtu wa kulala hapo hapo, Jumapili anapumzika wanaleta wa kushikizia. Kitanda cha hospitali kile cha kuzungusha mkono kunyanyua mgongo tulikodi kwao, laki na nusu kwa mwezi na dipoziti laki mbili. Pampasi unanunua mwenyewe, chakula cha mlezi juu yako, kiti mwendo tuliazimwa na jirani ambaye mzee wake alishatangulia. Piga hesabu uone kama ukoo wako unaiweza, maana sisi bila Muscat tusingefika hata mwezi wa pili.

Sasa huyo dada wa kwanza waliyetuletea. Mwenyeji wa Kondoa, mfupi, haongei sana. Siku ya kwanza kaingia, kampa bi mkubwa shikamoo yake, kanawa mikono, alafu wala hakugusa mashine ya presha, kamlaza ubavu akaanza kumkagua mgongo na makalio kwa kiganja polepole kama mtu anayetafuta joto kwenye ukuta. Akaniita, "dada njoo uguse hapa". Pamoto, pagumu kidogo, na pameiva weusi kuliko ngozi ya pembeni. Ndo akanieleza kwamba wanaosema kidonda cha kulala kinaanza na wekundu, huo wekundu kwenye ngozi yetu sisi utausubiri mpaka nyama ioze, wewe shika joto na ugumu. Kilikuwa kimetoka hospitali hicho. Kuanzia siku hiyo kila masaa mawili anageuzwa, usiku pia, anaweka alamu kwenye simu. Akaomba kanga chakavu akazikunja akaziweka chini ya ndama za miguu ili visigino vining'inie visiguse godoro, na nyingine chini ya ule mkono mbovu. Mi nilishaanza kuulizia godoro la hewa bei yake Kariakoo, mkutano wa familia ushafunguliwa wasap. Kanga zikafanya kazi, ile sehemu ikapoa ndani ya wiki mbili hivi.

Kulisha nako kumbe ni ufundi. Mimi nilikuwa nampa maji kwa kikombe akiwa ameegama, anapaliwa, namwambia pole mama, nampa tena. Huyu dada akanizuia kabisa, akasema maji ndo yanakimbilia kwenye mapafu kuliko chochote, mpe vizito, uji mzito, mtori, akae wima kabisa, kidevu kiinamie kifuani anapomeza, kijiko cha chai sio cha kulia wali, na akimaliza asilazwe mpaka nusu saa ipite. Alafu akamaliza kumlisha akamwambia "bibi fungua mdomo", akapitisha kidole chenye kitambaa kwenye shavu la kulia, akatoa tonge la ugali la jana yake. La jana jamani! Lilikuwa limejificha kule upande usiohisi, sisi tunajua ameshiba.

Mjomba wetu alikuja kumuona akataka kumkalisha kwa kumvuta ule mkono uliolegea, yule dada asiyeongea akapiga kelele "baba usimvute mkono!" mpaka mjomba akauachia kama kashika moto. Bega la mtu wa kiharusi linaachia upesi sana, hakuna msuli wa kulishikilia. Mjomba alinuna lakini chai alikunywa.

Kitu kingine, hili mnisikilize wenye wagonjwa. Bi mkubwa alikuwa hawezi kusema maji, hawezi kusema jina langu, lakini mtu akiingia akimwambia shikamoo, marahaba inatoka safi kabisa. Shangazi zangu wakaanza, anadeka huyu, mbona marahaba anaweza. Na mimi kuna siku nilimkasirikia moyoni. Dada ndo akatutoa ujinga, akasema hayo ni maneno yanayojitokea yenyewe, kama dua, kama kuhesabu moja mbili tatu, hata matusi, yanabaki wakati maneno ya kutafuta yamepotea. Kwahiyo akawa anaanzia hapo hapo, anahesabu naye, wanasoma Alhamdu pamoja, alafu anamfungulia kanga amsomeshe jina lake. Wiki ya sita bi mkubwa akasoma "wema hauozi", akakwama kwenye "hauozi" karibu dakika nzima, akaitema. Mi nilikuwa jikoni.

Basi mngeniuliza siku ile ningewapa nyota kumi.

Mwezi wetu wa tatu nao ulivyoanza, kampuni ikamhamisha. Hawakuuliza, wametuma meseji usiku, kesho anakuja mwingine. Baadae nikaja kujua kuna mteja wa Masaki anataka mtu mzuri na analipa zaidi. Kutoka hapo wiki sita wamekuja watu watano, yaani ni kama walinzi wa getini, leo huyu kesho yule, na kila anayekuja namuanza upya, hapa ndo pana mtori, hapa ndo pana dawa, usimvute mkono. Mzee aliyepoteza maneno anaamka anakuta sura mpya juu ya kitanda inataka kumvua nguo, wewe fikiria.

Wa tatu wakatuletea kijana wa kiume. Simlaumu yeye, mpole, ana adabu, shikamoo bibi, marahaba ikatoka. Alipovaa glavu na beseni la maji likaingia, bi mkubwa akaishika kanga yake kifuani kwa mkono wa kushoto, ndo mkono pekee uliobaki, na haukuachia. Hakupiga kelele, machozi tu yanashuka upande mmoja. Kijana mwenyewe akatoka akakaa kwenye ngazi ya nje, akaniambia "dada mimi ofisini niliwaambia". Siku hiyo bi mkubwa hakula mpaka usiku. Kwenye fomu ya kujiunga kuna kiboksi kabisa cha kuchagua mhudumu mwanamke au mwanaume, na tulichagua. Kupiga simu naambiwa "siku hiyo tulikuwa na upungufu".

Kibaya zaidi kilitokea Jumapili moja na wa kushikizia. Bi mkubwa asubuhi alikataa uji, yule binti akampa vidonge vyake vyote kama vilivyoandikwa, ikiwemo glibenklamaidi ya sukari. Saa tano namkuta jasho linamtiririka, baridi, haniangalii vizuri, binti anasema "amelala tu". Kupima sukari 2.9, na inatakiwa isishuke chini ya 4. Bahati alikuwa bado anameza, nikamlisha uji wa sukari kijiko kijiko huku nalia, baada ya robo saa ikaanza kupanda. Ile dawa ukimpa mtu hajala unamshusha sukari mpaka chini, ndo kazi yake, haijui kama leo kagoma kula. Tukaenda hospitali wakambadilishia, kwa upande wa sukari amebaki na metfomini peke yake. Meneja nilipompelekea malalamiko akanijibu "tumelipokea, tutalifanyia kazi". Mpaka leo wanalifanyia.

Hapo ndo nikaanza kudai leseni. Nesi Tanzania lazima awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, sio siri, unamwambia tu naomba nione, anayo anakuonyesha. Katika watu saba waliopita kwetu wenye leseni walikuwa wawili, dada wa Kondoa na yule kijana. Wengine walikuwa walezi waliofundishwa wiki tatu. Na mi sina shida na mlezi, mlezi mwenye mkono mzuri anatosha kwa kumgeuza, kulisha, kuogesha, kuongea naye. Ila usiniuzie mlezi kwa bei ya nesi, na mambo ya sindano, mpira wa mkojo na kuamua dawa hii apewe au asipewe leo usimwachie. Muulizeni mapema, kabla hamjalipa, sio kama mimi.

Nikawaambia ama wanirudishie dada wa Kondoa ama navunja. Wakamrudisha, sijui Masaki walielewana vipi. Bi mkubwa alivyomuona kwanza akanuna, siku mbili hataki kumwangalia, kama mtoto aliyeachwa kwa bibi yake. Alafu wakaendelea.

Siku moja tunamenya ndizi nikamuuliza anapata ngapi. Laki mbili na nusu. Kwenye laki nane na nusu yangu! Kulala kwake, alamu zake za usiku, yote. Laki sita zinapanda ghorofani. Nikamwambia tuondoe kampuni nikulipe mwenyewe laki tano, akacheka akasema mkataba unamkataza kuhamia kwa mteja, akikamatwa anadaiwa mishahara ya miezi miwili. Na mimi mkataba wangu ulikuwa na kipengele hicho hicho kwa maandishi ya sisimizi nyuma ya karatasi. Someni nyuma.

Huduma zao nyingine nipite haraka. Mtu wa mazoezi anakuja mara mbili kwa wiki, 40,000 kila akija, huyu mzuri, analipika, na cha maana anatufundisha sisi, haji kumnyanyua mguu akaondoka. Daktari wa kwenye video sikuona faida, anauliza presha ngapi, unamwambia, anasema endelea na dawa. Kupima presha kwenyewe wale wa kushikizia walikuwa wanapima bi mkubwa ametoka kuogeshwa sasa hivi, mkono unaning'inia, wanapata 180 wananitia presha na mimi. Dada wa Kondoa anamkalisha kwanza dakika tano, mkono juu ya mto usawa wa moyo, inasoma 140 na kitu. Mashine ile ile.

Kwahiyo mkiniuliza nyota, yule dada nampa zote. Kampuni nawapa mbili, moja kwa sababu walimpata yeye, nyingine ya mtu wa mazoezi. Ukiwatumia gombania kitu kimoja tu kwenye mkataba, waandike kwamba mtu habadilishwi bila wewe kukubali, mengine yote yanavumilika.

Saa hizi bi mkubwa anatembea na ile fimbo ya miguu minne kutoka chumbani mpaka barazani, anakaa anaangalia wapita njia, akimpenda mtu anamwita kwa jina, asipompenda marahaba inatosha. Mwisho wa mwezi wa tisa tukasitisha, mtoto wa kaka yetu mwingine, marehemu, amehamia kwetu na dada wa Kondoa alimfundisha wiki nzima kabla hajaondoka. Kitanda tumewarudishia, walikuja na kirikuu wakakibeba, wakakagua kila nati wakasema kiko salama. Dipoziti laki mbili mpaka leo naambiwa mhasibu yuko safari.