Ulinzi wa mtandao wa kampuni kupitia wingu: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kisubiri

Mwongozo huu unamlenga mnunuzi wa aina moja: kampuni yenye wafanyakazi kati ya 30 na 200, makao makuu Dar es Salaam au Nairobi, matawi mawili matatu mikoani, na kisanduku cha ukuta wa moto (firewall, kifaa kinachochuja mawasiliano ya intaneti) kwenye kabati la seva ambacho leseni yake inakaribia kwisha. Muuzaji ameshaleta proforma ya kisanduku kipya, kikubwa kuliko cha awali, na mkurugenzi wa fedha anauliza kwa nini gharama hiyo inajirudia kila baada ya miaka michache. Swali lake ni la haki. Mara nyingi kisanduku hicho hakihitajiki. Kinachohitajika ni kudhibiti nani anaingia kwenye mfumo upi, popote alipo.

Ukuta wa moto wa ofisini ulikuwa na maana wakati seva zote zilipokuwa chumba cha pili. Leo barua pepe ziko kwa Microsoft au Google, mfumo wa uhasibu umekodiwa, na maofisa mauzo wanafanya kazi kwa simu. Mfanyakazi wa Mwanza anapofungua faili, mawasiliano yake husafiri kwa VPN (njia iliyofichwa inayounganisha kompyuta ya mbali na mtandao wa ofisi) hadi Dar es Salaam, yakakaguliwa huko, ndipo yatoke kuelekea kituo cha data cha Johannesburg au Ulaya, na jibu lirudi kwa njia hiyo hiyo ndefu. Laini ya makao makuu inabeba mzigo huo mara mbili, unapoingia na unapotoka, na kampuni inaendelea kuipanua bila kujua kwamba inalipia mzunguko usio wa lazima.

Hoja ya pili ni hatari. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilivamiwa kupitia akaunti ya VPN isiyotumika tena, ambayo ililindwa kwa nywila peke yake. Bomba la mafuta likafungwa, na fidia ya bitcoin 75, takriban dola milioni 4.4, ikalipwa kwa wavamizi. Januari 2024 kasoro ziligunduliwa katika vifaa vya VPN vya kampuni ya Ivanti, na muda mfupi baadaye taasisi za serikali kuu ya Marekani zikaamriwa kuvitenganisha na mitandao yao. Kwa wanunuzi wa kwetu kuna sheria za ulinzi wa taarifa binafsi pia: ya Kenya ya 2019 inataka uvujaji wa taarifa binafsi unaoweza kuleta madhara utolewe taarifa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ili kutoa taarifa yenye maana, sharti ujue ni nani alifungua nini. VPN nyingi za zamani zinakuambia tu kwamba mtu aliingia saa nane usiku.

Kwa sababu hizo, nafasi ya kwanza naipa huduma ya wingu, yaani inayoendeshwa kwenye seva za muuzaji kupitia intaneti, inayompa kila mtu idhini ya mfumo mmoja mmoja badala ya kumfungulia mtandao wote. Kiunganishi kidogo husakinishwa karibu na seva yako, nacho ndicho kinachoanzisha mawasiliano kwenda nje, hivyo hakuna mlango unaoachwa wazi kwenye intaneti ukimngoja mgeni. Mtumiaji huthibitishwa, kompyuta yake hukaguliwa, kisha anafikishwa kwenye mfumo anaouhitaji na si zaidi. Wazo la kutomwamini mtu kwa sababu tu yumo ndani ya ofisi lilipewa jina la "zero trust" na mchambuzi John Kindervag mwaka 2010, na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ililiwekea mwongozo mwaka 2020. Cloudflare, Zscaler na Netskope ni miongoni mwa wanaouza huduma za namna hii. Cloudflare haitozi kwa watumiaji hadi 50 katika mpango wake wa msingi, na mpango unaofuata umekuwa ukiuzwa dola 7 kwa mtu kwa mwezi: kwa watu 60 ni dola 5,040 kwa mwaka, kabla ya kodi. Muuzaji akikuonyesha ramani ya dunia iliyojaa nukta za vituo vyake, usiishangilie. Omba majaribio yafanyike kutoka tawi lako la mbali zaidi, siku ya kazi, saa nne asubuhi.

Nafasi ya pili ni kile ambacho pengine umeshakilipia nusu. Kifurushi cha Microsoft 365 Business Premium, ambacho kina ukomo wa watumiaji 300, kinajumuisha usimamizi wa vifaa, masharti ya kuingia na kinga ya kompyuta. Kwa orodha ya bei ya Marekani ya 2025 kilikuwa dola 22 kwa mtu kwa mwezi, dhidi ya 12.50 za Business Standard. Tofauti hiyo kwa watu 60 ni dola 6,840 kwa mwaka. Kampuni isiyo na seva hata moja ofisini ingeanza hapa, na kwake hii ndiyo ya kwanza. Sharti moja tu: uthibitisho wa hatua ya pili usitegemee ujumbe mfupi wa simu, kwa maana wizi wa laini ya simu si hadithi ngeni kwetu.

Ya tatu ni mchanganyiko: kisanduku kidogo kibaki kwenye ghala au kiwanda, watu wahamie kwenye wingu. Kamera za ulinzi, printa na mashine za kusajili mahudhurio kwa alama za vidole haziwezi kusakinishiwa programu ya kuzithibitisha, kwa hiyo bado zinahitaji kutengwa na mtandao wa watu.

Mfumo kamili unaounganisha njia za matawi na ulinzi wote, ambao wauzaji wanauita SASE kwa jina lililotolewa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 2019, nauweka wa nne. Unaifaa benki yenye matawi mengi. Kwa kampuni ya matawi matatu ni koti la baba kwa mtoto. Wa mwisho ni kisanduku kipya kikubwa.

Kabla ya kusaini, fikiria siku intaneti itakapokatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki ikapungukiwa na mawasiliano. Tarehe 18 Novemba 2025 Cloudflare yenyewe ilipata hitilafu kubwa. Nunua laini mbili, na uhakikishe kwa maandishi kwamba watoa huduma hao hawategemei waya mmoja. Uliza pia huduma ikizimika kama milango inabaki imefungwa au inafunguka, na utunze akaunti ya dharura moja kwenye sefu. Bei ni za dola, kwa hiyo bajeti iachiwe nafasi ya shilingi kuyumba, na mkataba wa mwaka mmoja unaoruhusu kupunguza watumiaji una thamani kuliko punguzo la miaka mitatu.

Kwenye andiko la bodi, weka upande mmoja bei ya kisanduku, leseni zake, umeme, fundi na upanuzi wa laini kwa miaka mitano. Upande wa pili weka ada za huduma, kodi na kazi ya kuhama. Omba jaribio la siku 30 kwa watu 15, ukianza na mkaguzi wa nje, fundi wa mfumo wa uhasibu na wakandarasi wengine, kwa kuwa akaunti zao za VPN ndizo zinazosahauliwa. Tarehe ya kuzima VPN ya zamani iandikwe humo humo pamoja na jina la atakayeizima, vinginevyo kampuni itajikuta mwaka wa pili ikilipia zote mbili.