Biblia ya Kiingereza ya Safu Nne: Uzoefu Wangu wa Miaka Miwili

Nilinunua Biblia hii, yenye tafsiri nne za Kiingereza zilizopangwa sambamba, baada ya kuaibika mbele ya waumini. Mimi hufanya ukalimani wa mahubiri ya wageni, na siku hiyo mgeni wetu, akisoma King James, ile tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, alifika Warumi 1:13, mahali ambapo Paulo anasema alikuwa "let hitherto", nami nikatamka bila kusita kwamba Mtume aliruhusiwa kwenda Rumi. Baada ya ibada mzee wa kanisa aliniita kando, Biblia yake ya Kiswahili ikiwa bado wazi mkononi, akaniambia, "Mwanangu, Paulo wako aliruhusiwa, wa kwetu alizuiliwa."

Safu ya pili, ambayo ni Revised Standard Version ya 1952, ingeniokoa, kwa kuwa pale imeandikwa "prevented". Katika Kiingereza cha zamani "let" liliweza kumaanisha kuzuia. Ajabu ni kwamba King James nayo inalo neno "prevent", katika 1 Wathesalonike 4:15, lakini kwa maana ya kutangulia. Kwa mitego ya namna hii, kitabu hiki kimenilipa gharama yake yote.

Lawama yangu kubwa ni kwamba mchapishaji ameondoa tanbihi. Katika Matendo 8, King James inao mstari wa 37, ambao ni ungamo la towashi Mwethiopia, ilhali safu nyingine tatu zinaruka kutoka 36 hadi 38 bila neno la maelezo. Kwa kawaida tafsiri hizo huuweka mstari huo chini ya ukurasa, kwa sababu haumo katika nakala kongwe za Kigiriki; ukiondoa tanbihi, msomaji hudhani umeibwa, na kijana mmoja wa kwaya aliniuliza hivyo hivyo.

Jalada nalo linatangaza "1611", ingawa tahajia iliyomo ni ile iliyosawazishwa na Benjamin Blayney wa Oxford mwaka 1769, na yale maelezo ya pembeni ambayo wafasiri wa King James wenyewe waliyaweka hayapo.

Safu ya nne, English Standard Version ya 2001, ni marekebisho ya hiyo hiyo Revised Standard, kwa hiyo kurasa nyingi zinakaribia kufanana, isipokuwa penye mabishano kama Isaya 7:14, ambapo ya zamani ina "mwanamke kijana" na mpya ina "bikira". Mimi ningempa nafasi hiyo William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya mwaka 1526 na ambaye maneno yake mengi yalirithiwa na King James. Katika 1 Wakorintho 13 yeye aliandika "love", wao wakaweka "charity", na watafsiri wa 1952 wakarudi kwake.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Bado naifungua kila Jumamosi jioni, ila nikifika kwenye mistari inayorukwa huazima kwa jirani nakala ya kawaida yenye tanbihi.