Kilwa Kivinje na mtembezaji wa palepale: nendeni kabla nyumba za kale hazijaporomoka zote

Wengi wetu hapa Dar tukisema tunaenda Kilwa tunamaanisha Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, na ni sawa kabisa, Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa si vya kukosa, yule msafiri Ibn Battuta mwenyewe alipita pale 1331 na UNESCO wamepaweka kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Ila mimi nakuja kuwaambia habari za Kilwa Kivinje, mji mkongwe wa pwani ya Kilwa, maana pakeji niliyouziwa mwanzo na kampuni moja ya hapa mjini iliandika Kivinje kwenye ratiba halafu siku yenyewe dereva akasimama dakika chache tu, piga picha, twende. Iliniuma sana.

Baadae tukajiendea wenyewe, bila kampuni. Basi la kusini unapandia Mbagala, unavuka daraja la Mkapa pale Rufiji, unashuka Nangurukuru, bodaboda wapo kibao. Mtembezaji nilitafutiwa na mama wa gesti, kijana mzaliwa wa hapohapo, na huyu ndo sababu ya mimi kuandika. Hana haraka. Anajua nyumba hii ilikuwa duka la nani, ile nani alihama na lini, na kila baraza anapiga hodi kwanza na shikamoo zake ndo mnaingia.

Kivinje karne ya 19 ilikuwa mji mkubwa, misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilishukia hapa na pembe za ndovu na watumwa, baadae Wajerumani wakajenga boma ufukweni, wenyeji waliowapinga wakanyongwa pale Mwembe Kinyonga, kuna kumbukumbu yao na kijana alituacha tukae kimya kidogo. Kisha Waingereza wakahamishia makao makuu ya wilaya Kilwa Masoko, na biashara nayo ikafuata huko. Ndo maana ghorofa za maduka ya zamani zimebaki, hakuna aliyekuwa na pesa ya kuzibomoa ajenge mpya.

Boma sasa halina paa. Alitusogeza kwenye ukuta mmoja plasta imedondoka, ndani unaona mawe ya matumbawe kabisa, na mashimo boriti za mikoko zilipokaa, na mzizi wa mti mnene kama mkono umeingia katikati ya mawe unayasukuma taratibu. Nyumba ya jirani mtu ameziba ufa kwa saruji, kijana akagonga kwa kidole, ikalia wazi ndani. Akaeleza kwamba ukuta wa chokaa unatakiwa upumue, saruji inafungia unyevu ndani, matumbawe yanalainika, kipande kizima kinakuja chini. Mwenye nyumba kafanya kwa nia njema kabisa, chokaa ya kuchoma na fundi wake siku hizi havipatikani kirahisi.

Na jamani inawezekana! Boma la Kale letu hapa Dar, la enzi za Sultani Majid miaka ya 1860, ni matumbawe na boriti hizohizo, limekarabatiwa na leo linatumika, watu wanaingia wanatoka. Kivinje wanaishi watu, mzee mmoja alitukaribisha ndani, mlango wake wa nakshi bado una minyororo iliyochongwa pembeni, anaupaka mafuta mwenyewe, akasema watoto wote wako Dar na yeye akiondoka nyumba haimalizi masika mawili. Kama una asili ya huko, sikiliza hilo.

Mtembezaji nampa tano kwa tano. Chakula safi, samaki wa kukaanga na wali wa nazi pale karibu na ufukwe, agizeni kabla ya kuanza kuzunguka. Vibao vya maelezo karibu hakuna, bila mwenyeji utapita tu. Bei elewaneni mapema na mwambieni mnataka mji mzima, asubuhi, jua la saa sita kule ni kali. Kisiwani wekeni siku ya pili, kibali kinachukuliwa Masoko.