Griti ya chuma G40: nyota nne, ya tano imebaki kwenye mfuko ulioraruka

Kazi yetu pale Changamwe, Mombasa, ni chesisi za matrela na matangi ya mafuta, na zote tunazipiga griti, yaani chembe za chuma zinazorushwa kwa hewa ya kompresa kuvua kutu na rangi, ndani ya banda lililofungwa. Nalitaja banda mapema kwa sababu bila hilo usisumbuke na griti ya chuma. Ukifanyia kazi uwanjani nunua ganeti, chembe za madini, maana chuma usichoweza kukizoa ni pesa unayomwaga ardhini.

Mzigo wenyewe ni G40 (hiyo ni saizi ya chembe), ugumu wa GL, yaani wa kati, mifuko ya kilo 25. GL niliitaka makusudi. GP ni laini zaidi, kona zake hufa ukabaki na vigololi. GH, ngumu kuliko zote, inakata vizuri lakini inavunjika upesi na nozeli, mdomo wa kurushia, inaisha nayo. Hii ya kati, kwa presha ya bari 7, imevua kutu na rangi kuukuu kwa mpigo mmoja mpaka Sa 2½, kiwango cha chuma kilichokaribia weupe, na tepu ya kupimia kina cha mikwaruzo ikasoma mikroni 70 na kitu. Praima ya zinki imeshika barabara.

Mzigo mpya huwa naupima kwa chupa: chembe kidogo, maji safi, tikisa, tazama juu. Utando wa mafuta haukuwepo, alhamdulillahi, lakini maji yaligeuka meusi kwa vumbi kuliko nilivyozoea. Mfuko mmoja ulikuwa umeraruka chini, chembe zimeshikana kwa kutu kama sukari guru. Muuzaji aliubadilisha, baada ya kuvutana.

Hapo ndipo pwani inapoisumbua griti. Jioni lazima tangi la kupigia, lile linaloshika griti, limwagwe lote. Ukiiacha humo usiku, tena msimu wa mvua za Mei, unyevu unaigandisha na asubuhi nozeli haitemi kitu. Kikaushio cha hewa kwenye kompresa si anasa.

Bei kwa tani iko juu kuliko ya ganeti, sawa, ila hii tunaizoa, tunaichekecha, tunairudisha kazini mara nyingi, na kuongeza mpya kidogo kidogo ili tusibaki na chembe ndogo tupu. Wanaonishauri mchanga wa mtoni kwa kuwa ni rahisi, vumbi lake la silika linaua mapafu, na vijana wangu siwapi.

Nitanunua tena, ugumu uleule. Ila mifuko tutaikagua mmoja mmoja juu ya lori, dereva akiwepo, kabla hatujashusha hata mmoja.