Ukumbi wa michezo wa chuo: sakafu ya mbao au ya vinili?

Ukumbi wa ndani wa chuo kikuu haupumziki. Asubuhi mtihani, jioni mpira wa kikapu, mwisho wa wiki mahafali. Anayeubeba mzigo huo wote ni sakafu.

Mbao ngumu zikilazwa juu ya mito ya raba hunyonya kishindo, mpira hudunda sawasawa, na magoti ya wachezaji hupata nafuu. FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, kwa miaka mingi lilidai mbao kwenye mashindano yake makubwa. Lakini mbao zina deko! Unyevu ukizidi hutanuka na kubenuka. Hewa ikikauka huachana. Paa likivuja usiku mmoja tu, unaweza kung'oa nusu ya uwanja. Kila baada ya miaka kadhaa zitahitaji msasa na vanishi upya, na kabla ya kupanga viti vya mahafali lazima utandike kifuniko. Hatua hiyo ndiyo watu huiruka wakiwa na haraka, halafu wanashangaa mikwaruzo.

Vinili, yaani plastiki ya kutandazwa, ni mvumilivu zaidi. Bei yake kwa kawaida ni nafuu, unyevu wa hewa hauisumbui sana, na FIVB, shirikisho la kimataifa la voliboli, huikubali kwa mchezo huo sawa na mbao. Ubaya wake: ikichanika huzibwa kiraka, haipigwi msasa ikarudi upya.

Mimi ningechagua vinili, isipokuwa kama chuo kina timu ya kikapu ya ushindani na fundi wa kudumu wa kuitunza mbao. Timu bila fundi haitoshi.